Bega la Lowell Dombek

Hadi leo nikisikia watu wakiusifu mchezo ule, huinuka nikaenda zangu. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mchua misuli wa timu ya besiboli, mjini Toledo, mwaka 1952.

Lowell Dombek alirusha mpira wa besiboli kiangazi, na majira ya baridi akacheza kikapu cha kulipwa. Bega la kulia lililisha nyumba yake mwaka mzima. Kocha Trautman, aliyekichukia hicho kikapu, alimwekea sharti kwenye mkataba: akitoka uwanjani bila ruhusa yake, kazi imekwisha.

Jumapili ile, hadi kipindi cha sita kati ya tisa, hakuna mpinzani aliyeupiga mpira wa Lowell akafika hata kituo cha kwanza cha kukimbilia. Hapo ndipo mwiko wetu unapoanza. Mrushaji wa namna hiyo hasemeshwi, hatazamwi, wala hakai mtu karibu naye, bahati isije ikakimbia. Wanaume wazima tukajibanza upande mmoja wa benchi, tukamwacha peke yake kama mwenye upele.

Kipindi kilipoisha alirudi ameshika bega, jasho linamtiririka, akaniita.

"Emmett, hebu njoo. Kuna kitu kimekatika humu."

Niliinamia sanduku langu, nikajifanya napanga bandeji. Akamwomba kocha amtoe. Kocha akampa mgongo, akaendelea kutafuna tumbaku yake. Nilipotaka kuinuka, Gus Pruitt, mdakaji wetu, alinivuta shati.

"Thubutu uone. Ukituharibia bahati hii, humu hukanyagi tena."

Lowell aliniita mara ya pili, na ya tatu. Nilimsikia vizuri sana. Sikuinua kichwa, mwoga mimi, nikihofia kibarua changu huku chake kikiteketea mbele yangu.

Akarudi kurusha vipindi vitatu vingine, meno ameyauma. Hakuna aliyeupiga mpira wake. Tukashinda, na wale wale waliomkimbia wakamrukia, wakammwagia bia kichwani, wakamwita ndugu. Walinitia kinyaa, nami nilijitia kinyaa zaidi.

Chumbani hakuweza kuinua mkono kuvua jezi. Nikaikata kwa mkasi. Bega lilikuwa limevimba, jeusi. Nikamuuliza panauma wapi.

Alinitazama kwa utulivu.

"Kumbe sasa naruhusiwa kusemeshwa?"

Nikachukua bandeji, nikamfunga bega. Hakurusha tena mpira wowote, mdogo wa besiboli wala mkubwa wa kikapu.