Kiti Alichokilalia Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa viti vya ndege, na sijawahi kupanda ndege. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke. Hata mshona sanda hajawahi kuivaa.

Karakana yetu iko nyuma ya uwanja wa ndege, ukumbi mmoja mrefu wa bati, na kila ndege inapopita juu, vikombe vya chai vinacheza mezani. Tuko sita, pamoja na msimamizi. Tunatengeneza viti vya daraja la biashara, vile ambavyo abiria akibonyeza kitufe, kiti kinajinyoosha chenyewe mpaka kinakuwa kitanda, mtu akalala angani kwa saa tisa au kumi, akaamkia nchi ya watu. Vikichakaa vinaletwa kwetu. Tunavivua ngozi, tunatoa sponji ya zamani, tunakata mpya, tunashona, tunavirudisha vikiwa kama bibi harusi. Kukata sponji ni kazi yangu. Kwa hiyo mheshimiwa fulani akiota ndoto nzuri juu ya mawingu, na mimi nina fungu langu humo, ingawa hajui.

Msimamizi wetu tunamwita Bwana Rula. Ana rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, na akisema nawe anakuelekezea kama anayetaka kujua utatosha wapi. Ukutani ameandika kwa mkono wake, rangi nyekundu: ANAYESINZIA AENDE AKALALE KWAO. Si maneno ya kupamba ukuta. Kuna mwenzetu alisinzia kidogo tu baada ya chakula, kichwa kwenye kiti alichotoka kukimaliza. Mpaka leo analala kwao.

Basi siku moja ikaja barua kutoka shirika la ndege. Bwana Rula aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, kisha akaitazama rula yake kama ndiyo iliyoiandika. Abiria wa safari za usiku walikuwa wanalalamika. Wanapanda wazima, wanashuka wameshika viuno. Mkaguzi angekuja Ijumaa saa tisa alasiri. Asiporidhika, viti vyote arobaini vilivyobaki vitapelekwa kwa mafundi wengine.

Sisi hatukuwa na viti vingine. Vikienda hivyo arobaini, karakana inafungwa. Hakuna aliyelisema hilo, ila macho yote yalinigeukia mimi, mkata sponji, na mimi nikayatazama macho yao nikisema moyoni: haya, leo zamu yako.

Tulikipima kiti siku mbili. Tulipima kama tulivyozoea: unakikunjua kiwe kitanda, unakikandamiza kwa ngumi, unakikandamiza kwa kiwiko, halafu unajilaza robo saa huku Bwana Rula amekusimamia kichwani.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Sisikii kitu, bosi. Ni kama maziwa."

Akamlaza Kibonge, mshona ngozi wetu, mtu wa kilo mia na ushee, mwenye vidole vyepesi kuliko vya yeyote kati yetu.

"Wewe unasikia nini?"

"Nasikia raha, bosi."

"Raha usiisikie sana. Fumbua macho."

Wote sita tulilala, wote sita hatukuona kosa. Kibonge akasema huenda abiria wenyewe ndio wabovu. Bwana Rula akamwambia aandike hivyo basi kwenye barua, aweke na sahihi yake. Kibonge akarudi kwenye cherehani.

Sasa nikwambie kuhusu mama mkwe wangu, maana hapa ndipo anapoingia.

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja kugawana vitu. Kabati likaenda, redio ikaenda, kitanda kikaenda na chaga zake. Mama yao hakuna aliyemtaka, akabaki na mimi. Mimi nilikuwa namtania kwamba nilipewa fungu lililobaki, naye alikuwa ananijibu kwamba kabati lina bahati, limeepuka kunywa chai yangu. Tulilala sakafuni miezi minne, ubavu kwa ubavu, tukisukumana. Kisha nikapata kazi hii, nikanunua kitanda, na godoro nikamtengenezea mwenyewe kwa vipande viwili vikubwa vya sponji vilivyobaki karakana. Nilivipaka gundi, nikaviunga katikati, nikavishonea foronya nzuri ya maua. Godoro la sponji ya ndege. Nani mwingine mtaani analo?

Na kwa miaka minne, kila asubuhi ya Mungu, salamu yangu ilikuwa ile ile: "Godoro lako limeniinukia tena."

"Godoro haliinuki, mama. Kinachoinuka ni unga wa mkate."

"Basi umenilaza kwenye mkate."

Nilijua ni uchokozi wa uzee. Tena nilijua ni uchokozi wa mavyaa, ambao hauna umri. Nililigeuza, nikalipiga jua, nikalilalia mwenyewe mchana kweupe mbele yake, macho kodo, nikamwonyesha halina neno. Akanitazama akasema, "Hongera, umelala kama gogo la kuni."

Asubuhi ya Jumatano, siku mbili kabla ya mkaguzi, nilikuwa nakunywa chai nimesimama, roho haiko mahali pake. Akatoka chumbani akijishika kiuno.

"Limeniinukia."

Sikumjibu. Kukosa jibu langu kulimshtua kuliko jibu lenyewe, akakaa, akaanza kueleza taratibu kama anayezungumza na mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, mimi sikusingizii. Nikijilaza tu halina neno, ni kama kifua cha mama. Nikiwa macho halithubutu kunifanya kitu. Ni nikishapotelea usingizini, nimelala kwa muda, ndipo linaponiinukia. Hapa," akajipiga nyongani. "Siku zote ni hapa hapa."

Nikaweka kikombe chini.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumbe sisi mafundi sita, miaka yote hiyo, tulikuwa tunatengeneza vitanda na hakuna hata mmoja aliyewahi kukisinzilia hata kimoja. Ni marufuku, imeandikwa ukutani. Na godoro la mama mkwe lilikuwa la sponji ile ile, gundi ile ile, mkono ule ule.

Bwana Rula alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaitoa rula.

"Unataka niruhusu watu walale kazini."

"Sitaki mtu wa kazini, bosi. Nataka mtu wa kulala. Ninaye nyumbani, ana ujuzi wa miaka sabini na mitano."

"Mama mkwe wako."

"Hujapata kuona mkaguzi kama yule. Ukimwekea punje ya mchele chini ya godoro atakwambia ni ya gunia gani."

Akautazama ukuta. Nikajua anafikiria nini.

"Maandishi yanasema anayesinzia aende kwao," nikasema. "Yeye kwao ni kwangu, na mimi niko hapa."

Sijui ni hoja iliyomshinda au ni kukosa hoja nyingine. Adhuhuri mama mkwe alikuwa karakana, amejifunga mtandio wake wa kutokea, anakizunguka kiti kama anayenunua ng'ombe.

"Hiki wanakalia kina nani?"

"Wakubwa, mama."

"Wakubwa wanalala kwenye kiti? Vitanda vyao vimefanya nini?"

Kibonge akabonyeza kitufe, kiti kikanyooka polepole. Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja, akakitazama, akamtazama Kibonge. "Na hicho kitufe kingine kinaleta chai?"

Tukamlaza. Tukaziba madirisha kwa vipande vya ngozi, tukazima cherehani zote, tukavua viatu. Akageukia ubavu, kama anavyolala siku zote, akasema anashangaa sana jinsi watu wazima wasivyo na kazi, na kabla hajamaliza kushangaa akawa amelala.

Tulimsimamia. Saa ya kwanza, kimya. Saa ya pili, anakoroma kwa heshima. Iliposogea saa ya tatu akaanza kujinyonganyonga, uso ukakunjamana, akanung'unika humo humo usingizini maneno ambayo mimi nilikuwa nayajua kwa moyo: "Linaniinukia."

Nikapitisha mkono chini ya nyonga yake, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu kwa vidole. Sponji ilikuwa imepata joto la mwili, imenywea huku na huku. Lakini pale kipande cha makalio kinapokutana na kipande cha mgongo, kingo mbili nilizozipaka gundi hazikunywea. Zilikuwa zimesimama kama tuta la barabarani, katikati ya nyonga ya bibi wa watu. Robo saa ya mtu aliye macho haitoshi kuleta joto hilo. Na aliye macho akiguswa anajisogeza bila kujua.

"Lipo?" akanong'ona Bwana Rula.

"Lipo, bosi. Na miaka minne naambiwa."

Nilikata upya jioni ile na Alhamisi nzima. Safari hii kingo sikuzikata wima. Nilizikata mshazari, kipande kimoja kikapanda kidogo juu ya mwenzake kama vigae vya paa, na gundi nikaishusha chini kabisa kwenye bati la kiti, mbali na mwili wa mtu. Kibonge akaivika ngozi, mshono wake hauonekani hata ukiutafuta kwa kurunzi.

Ijumaa saa tatu asubuhi tukamlaza tena mama mkwe. Mpango ulikuwa aamke saa sita, tufagie, tuvae viatu, tumpokee mkaguzi kama watu.

Saa sita ikafika, amelala. Saa saba, amelala. Kibonge akaingiwa na wasiwasi.

"Anapumua?"

"Anakoroma, Kibonge. Marehemu hawakoromi."

"Tumwamshe."

"Mwamshe wewe. Mimi naishi naye."

Bwana Rula mwenyewe akaleta blanketi, moja la yale ya shirika la ndege lililokuja limesahaulika kwenye kiti, akamfunika miguu kwa upole ambao sikujua anao. Akafanya hivyo chini ya maandishi yake mekundu, na hakuyatazama.

Saa nane mlango ukafunguliwa. Mkaguzi alikuwa amewahi saa nzima. Mwanamke mrefu, suti ya kijivu, mkoba wa magurudumu, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka juzi. Alichokiona ni ukumbi wenye giza, na watu sita wa soksi wamesimama kimya kumzunguka bibi kizee aliyelala.

Akashusha sauti. "Poleni. Mmefiwa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Tunapima kiti."

Bwana Rula alikuwa amekauka kama rula yake. Nikaona kwamba nisiposema mimi hatasema mtu, basi nikasema yote, kwa kunong'ona: gundi, joto, tuta, kosa lilikuwa langu, na huyu ni nani. Mkaguzi alisikiliza bila kunikatiza.

"Amelala tangu saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Akatazama saa yake. Akahesabu. Akatoka kwenye viatu vyake vya kisigino, akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya nyonga ya mama mkwe, pale pale nilipopitisha wangu, akauacha hapo kwa muda mrefu.

"Mimi napanda ndege za usiku mara mbili kwa wiki," akasema. "Panaponiuma ni hapa. Nilidhani ni umri."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi za maswali, nadhani kurasa saba, akazigeuza mpaka ya mwisho, akaandika mistari miwili na kutia sahihi akiegemea meza ya Kibonge. Bwana Rula akaisoma mara mbili. Viti vyote arobaini, mkato huu huu, karakana hii hii. Nikamwona anaitafuta rula mfukoni ili mikono iwe na kitu cha kufanya.

Ndipo mama mkwe akafumbua macho. Akatutazama wote, akamtazama mgeni, akajinyoosha hadi vidole vya miguu. Tukangoja. Nikaomba kimoyomoyo aseme neno moja jema, moja tu, maishani mwake.

"Blanketi linawasha," akasema.

Mkaguzi akaifungua tena kalamu.

"Blanketi si letu," nikawahi kusema.

"Najua," akasema mkaguzi, huku anaandika. "Ni letu. Endelea, bibi."

Jumatatu tulikuta ukutani pameongezwa maneno mawili kwa rangi ile ile, yamebanwa juu kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo: ANAYESINZIA BILA KIBALI AENDE AKALALE KWAO. Kibonge ameshaomba kibali mara tatu.

Na godoro la nyumbani nililifumua Jumamosi, nikalikata mshazari. Jumapili asubuhi nilikunywa chai nimekaa, nikingoja salamu yangu. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Alipotoka jua lilikuwa limeshafika kwenye meza, naye hakujishika popote.

"Haya, mama, limekuinukia?"

Akakaa, akavuta kikombe chake, akakigusa kwa kidole.

"Chai imepoa," akasema.

Nikainuka nikampashia.