Kamera Haikisii

Kalunde wa Kaveke alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomlisha. Kila wiki alikaa mbele ya pazia la buluu chumbani kwake Kitengela, akazichambua simu mpya mpaka kampuni zikaanza kumtumia zenyewe. Watu elfu arobaini walimfuata mtandaoni. Wengi wao hawangeweza kununua hata kava ya simu alizozisifu, lakini kusikiliza ni bure.

Mwezi huo ilikuwa zamu ya Orveta Kumi. Nyembamba, mgongo wa kioo rangi ya chai ya strungi, kingo zilizolainishwa, betri ya siku mbili. Wachambuzi wa ng'ambo walinung'unikia bei na uzito, lakini walipofika kwenye kamera wote walilegea. Ilivuta picha mara mia, na pale lenzi iliposhindwa, simu ilijazia yenyewe, ikijifunza kutoka kwa picha za zamani za mwenye simu. Kalunde naye alilegea. Aliipa tisa kwa kumi, akatangaza kama mhubiri wa krusedi: "Kamera zingine zinakisia. Hii haikisii. Hii inaona."

Kujazia ni nini, hakujiuliza.

Siku mbili baadaye alikwenda soko la mifugo kuijaribu zaidi. Alipanda juu ya jukwaa la kupakilia ng'ombe, akavuta picha mpaka mwisho wa soko, na hapo moyo ukamruka. Mtamba wa kahawia, baka jeupe kwenye paji la uso, na pajani alama ya ukoo wao imekaa wazi: upinde na kitone chini yake. Syombua, mtamba wa mama yake, alikuwa amepotea wiki tatu.

Angeshuka akamtazame kwa macho, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mtu aliyezoea kuposti kabla ya kufikiri hawezi kuacha siku moja. Alimtumia mama yake picha. Mama huyo, Kaveke, akaitupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafugaji. Na Kalunde alipofika chini, watu walikuwa wamemzunguka mzee Hilowle.

Hilowle alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa Garissa, miaka kumi na tisa Kitengela bila kesi na mtu. Alisimama ameshika kamba ya mtamba wake, mkono mwingine kifuani. Kalunde akainama kutazama lile paja. Hakukuwa na upinde wala kitone. Kulikuwa na kovu la moto lililopinda, kama lile linaloachwa na chuma mnyama akitibiwa uvimbe. Picha zote za Syombua alikuwa amezihamishia kwenye simu hii mwenyewe. Simu ilikuwa imeona kovu, ikakosa kulielewa, ikaazima alama kutoka kwenye picha hizo.

Wazee wa soko waliketi siku hiyo hiyo chini ya paa la mabati. Mwenyekiti, Mmaasai mpole aliyesalimia kila mtu "sopa" kabla ya kuketi, aliiomba picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mimi mwenyewe nilimchoma," Hilowle alisema. "Alivimba paja kiangazi kilichopita. Permit yake ya usafiri niko nayo."

Permit ilisema mtamba mmoja, kahawia. Nusu ya soko ilikuwa mtamba mmoja, kahawia.

"Hilo kovu linaweza kuwa alama iliyochomwa tena juu, ipotee," akasema mzee mmoja. "Hiyo kazi tunaijua. Simu imeiona chini ya kovu."

"Wazee wangu, niko na makosa," Kalunde akasema. "Hiyo alama haiko. Simu ndiyo imejazia."

"Simu ijazie alama ya ukoo wenu?" mwenyekiti akauliza. "Inawajua?"

Watu wakacheka. Kalunde akaona njia moja tu. Akaelekeza simu kwenye bango dogo la dawa ya kupe, mbali ng'ambo ya barabara, herufi ambazo jicho halikuziona kabisa. Alijua ingeboronga herufi zile, waone inavyokisia. Akalivuta mara mia. Bango likatokea safi, jina la dawa, bei, hata nambari ya duka. Mwenye bodaboda akatumwa akasome. Akarudi akasema ni vile vile, nambari kwa nambari. Watu wakapiga makofi. Kisha mtu nyuma akafungua video ya Kalunde, na sauti yake mwenyewe ikajaa pale chini ya mabati: hii haikisii, hii inaona.

Kalunde alitamani ardhi ipasuke. Alieleza tena na tena, na kila alivyoeleza alizidi kuonekana msichana aliyetishwa. Mwenyekiti alimhurumia waziwazi. Mtamba akapewa Kaveke, aliyekuwa amefika kikaoni, na Hilowle akaambiwa asikanyage soko lile tena. Mzee alikunja permit yake mara nne, akaitia mfukoni.

Jioni Kalunde aliweka video nyingine ya kuikosoa simu. Wafuasi wakamwambia amelipwa na kampuni pinzani.

Asubuhi alimkuta mama yake zizini, ameinama chini ya mtamba.

"Mwaitu, huyu si Syombua."

"Najua." Kaveke hakugeuka. "Syombua alikuwa na chuchu ya tano, ndogo, nyuma. Mimi ndiye nilimkamata akizaliwa. Huyu ako na nne. Nilijua tangu nikimfungua kamba pale sokoni."

"Na ukanyamaza?"

"Wetu ameshaliwa, Kalunde. Nani atanirudishia? Wazee wamenipa, nikapokea."

"Twende uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba niliona nikakaa kimya, mbele ya watu wote? Nina kanisa mimi. Niko na chama cha akina mama." Hapo akaanza kulia, na Kalunde hakuweza kumtoa kwenye kilio hicho wala kwenye uamuzi wake.

Kalunde alimfungua mtamba, akamburuta mwenyewe mpaka nyumbani kwa Hilowle. Mzee alitoka, akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Mama yako atakuja aseme hivyo mbele ya wazee?"

Kalunde alitikisa kichwa.

"Basi siwezi kumchukua, binti yangu. Akionekana hapa kesho, watasema nimemwiba mara ya pili. Safari hii hawataita kikao."

"Mzee, nifanye nini?"

"Hata mimi sijui." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. Aliingia ndani, akaleta ndoo. "Mpe maji kwanza. Ametembea."

Mtamba alikunywa, kisha akaja akasugua kichwa kwenye kiuno cha Hilowle, akatulia hapo. Kalunde alivuta kamba. Mtamba hakusogea. Alivuta tena kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, mnyama akakita kwato ardhini. Kisha Hilowle akaweka viganja vyake kwenye paja lile lenye kovu, akamsukuma mtamba wake mpaka nje ya lango.