Safu ya F

Nimepokea mizigo katika kiwanda hiki kwa miaka ishirini na sita, na kabla ya Jumatatu ile sikuwahi kupoteza hata nati. Nasema hivyo bila unyenyekevu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndicho kilichoniponza.

Kiwanda chetu kiko Yeosu, kusini mwa Korea, kati ya viwanda vingine vya kemikali, na kuingia humo ni shughuli. Dereva anaonyesha pasi, anabandikwa karatasi kwenye kamera ya simu, lori linapimwa uzito, linachunguliwa mpaka uvunguni. Kutoka ni shughuli zaidi. Hakuna kinachotoka bila kibali chenye saini, hata kipande cha ubao. Akifika ghalani kwangu dereva ameshachoka kuhojiwa, nami humhoji upya. Wananiita Geti la Pili, wakidhani sisikii.

Mmoja tu alikuwa hanilalamikii. Pyo Jong-hak amekuwa akituletea vipuri kutoka bandarini Busan kwa miaka kumi na moja. Mimi nina hamsini na saba, yeye hamsini na moja, kwa hiyo aliniita dada. Kila msimu wa baridi aliniletea kimchi, achari ya majani ya haradali aliyotengeneza mama mkwe wake, kali ya kutoa machozi, nami nilimrudishia chombo kikiwa na machungwa. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa watu wanaoaminiana kazini, na hilo si dogo.

Alhamisi ile alileta pete ya kompresa. Ni kitu cha kubeba mkononi, kinaenea kwenye sanduku la bati kama la biskuti, lakini bila hiyo gesi huvuja na mtambo hauwashwi. Kiwanda kilikuwa kimesimamishwa kwa matengenezo ya mwaka, mafundi wa mikataba wamejaa kila kona, na pete ilipangwa kufungwa Jumatatu. Ilikuja ndani ya sanduku kubwa la mbao lililojaa maranda. Nikalifungua, nikalinganisha namba na karatasi, nikasaini. Kifaa cha kusomea lebo kilikuwa kimeisha chaji, basi nikaandika mahali pa kuhifadhia kwenye kompyuta kwa mkono wangu: F, ngazi ya pili. Nikampigia kelele mzee Byeon, dereva wetu wa foklifti, "Kaka, F, ngazi ya pili!" Akainua mkono, akaenda.

Likabaki lile sanduku la mbao. Pyo alilizunguka akiligonga gonga, akasema mama mkwe wake anatafuta kitu cha kupandia pilipili huko juu ya paa. Nikamwambia achukue, tena haraka, maana limenizibia njia. Kibali sikuandika. Foleni ilikuwa ndefu, na sanduku tupu ni takataka. Bahati yake, au mkosi wake, mlinzi wa geti alimfahamu, akamwachia apite.

Jumatatu saa mbili mafundi wakaja kuchukua pete. Kwenye safu ya F, ngazi ya pili, haikuwepo. Tukatafuta ngazi zote za F, kisha E na G, kwa kuwa mtu akikosea huwa anakosea jirani. Hakuna kitu. Nikampigia mzee Byeon, ambaye Ijumaa alikuwa amestaafu na sasa yuko matembezini kisiwani Jeju na mkewe. Nikamuuliza pete aliiweka wapi.

"F," akasema. "Ngazi ya pili, kwa mikono yangu hii. Mtanisumbua mpaka lini, nyie watu? Niko kwenye farasi."

Basi kama mimi nilisema F, kompyuta inasema F, na Byeon aliweka F, kuna mtu ameitoa. Mkuu wa ulinzi, Bwana Seok, akafungua picha za kamera ya geti. Mtu wa kwanza kuonekana ni Pyo Alhamisi ile, na nyuma ya lori lake, chini ya turubai lililofunguka pembeni, sanduku la mbao lenye namba ya pete yetu ubavuni.

Seok akanigeukia. "Msimamizi Gu, ulimpa kibali?"

"Hapana," nikasema. "Sikumpa."

Neno hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilinitoka kirahisi. Ningeweza kuongeza kwamba nilimwambia achukue. Sikuongeza. Wakati huo nilikuwa nimeshaamini kwamba Pyo ameniibia, ametumia sanduku kunifunga macho, na nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha birika. Miaka kumi na moja ya kimchi, nikajiambia, kumbe ananipima.

Kompresa ikabaki wazi, mafundi wakakaa kucheza na simu, na Pyo akaitwa Jumanne asubuhi ajieleze. Nami niliitwa kusaini maelezo yangu. Kilichokuwa kinamngoja, kila mtu alikijua. Angenyang'anywa pasi. Na anayenyang'anywa pasi na kiwanda kimoja hapa, viwanda jirani hupata jina lake kabla ya chakula cha mchana. Kwa umri wake asingepata lori lingine la kuendesha mkoa mzima.

Ofisi ya ulinzi iko kwenye jengo la zamani la utawala. Nilipoingia kwenye lifti nikamkuta Pyo ndani, peke yake, kadi ya mgeni shingoni, nywele amezilaza kwa maji. Nikatamani kushuka, lakini mlango ukafunga. Alikuwa amesimama karibu na vitufe.

"Ghorofa gani, Msimamizi?"

Msimamizi, si dada. Nikaelewa kwamba Seok ameshamwambia nilichosema. Nikatazama mbele.

"F," nikajibu.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe bila hata macho kukifuata, kikabonyeza F. Na mimi, ambaye sikutaka kumtazama usoni, nikawa natazama kidole. Kilikuwa kimetua kati ya tatu na tano.

Kwetu namba hiyo hutamkwa sawasawa na mauti. Majengo mengi hayaiandiki, yanaandika F, herufi ya mwanzo ya namba hiyo kwa Kiingereza, na sisi tumezaliwa tukaikuta hivyo. Hakuna anayeshtuka. Ghala letu nalo tangu lijengwe lilikuwa na safu moja, mbili, tatu, F, tano, sita, saba. Miezi miwili kabla ya haya, vijana wa makao makuu Seoul walikuja na rangi na ngazi, wakasema ghala la kisasa ni la herufi. Moja ikawa A, mbili ikawa B, na kuendelea. Mizigo haikuhama, vibao tu ndivyo vilibadilika. Safu ya sita ndiyo ikawa F. F yetu ya zamani, tuliyowekea vipuri vya kutoka nje robo karne nzima, ikawa D.

Nilikuwa nimesaini kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimewakaripia wenzangu wawili waliochanganya. Kisha Alhamisi, foleni imenibana, ulimi wangu ukasema F ya zamani, mzee Byeon akasikia F ya zamani, akaipeleka F ya zamani, na sote wawili tukaelewana vizuri sana. Mazoea yana taabu. Na sisi tulikuwa tumetafuta E na G.

"Umebonyeza nini?" nikamuuliza Pyo.

"F. Si umesema F?"

"Ni ya ngapi?"

Akanitazama kama vile nimeamkia kileo. "Ni hiyo hiyo. F."

Hata yeye hakuitamka. Mlango ukafunguka. Nikamwambia asisaini chochote, anipe nusu saa, nikabonyeza moja na kumwacha amesimama kwenye korido.

Magoti yangu si ya kukimbia tena, lakini siku ile yalikimbia. Safu ya D, ngazi ya pili, nyuma ya boksi la vichujio: sanduku la bati, lebo yangu juu yake, mwandiko wangu mwenyewe. Nililishika kwa muda bila kulitoa. Nilifurahi, kisha aibu ikanishuka mpaka kwenye nyayo. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimelitazama la mwenzangu kwa siku nzima.

Niliporudi juu Seok alikuwa mezani, Pyo ameketi mbele yake, karatasi katikati yao. Nikaweka pete mezani, nikaeleza ilipokuwa. Seok akawaita mafundi kwa simu kwanza, maana ndiyo kazi yake, kisha akapumua. Si mtu mbaya. Akanipa njia.

"Kimepatikana, yameisha," akasema. "Nitaandika kilipatikana baada ya msako wa pili. Wewe umebakiza miaka mitatu ustaafu, Msimamizi. Hakuna haja ya kuchafua faili."

Sitadanganya. Niliitamani njia hiyo. Niliiona faili yangu, nyeupe miaka ishirini na sita.

"Na kwa huyu utaandika nini?" nikauliza.

"Kwamba ushahidi haukutosha."

Haukutosha. Pyo alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu mwenye neno hilo kwenye faili, lori lake linapekuliwa mara mbili kila geti mpaka afe, na siku kitu kingine kikipotea anaitwa yeye kwanza. Nikavuta kiti, nikaomba kalamu. Niliandika kwamba safu nilikosea mimi, kwenye kompyuta na kwa mdomo. Niliandika kwamba Byeon alifanya alichoambiwa. Kisha nikaandika kuhusu sanduku la mbao.

Seok akasoma, akafika mstari wa mwisho, akaurudia. "Jumatatu uliniambia hukumpa kibali."

"Karatasi sikumpa. Ruhusa nilimpa, na wewe uliponiuliza nilinyamaza."

Hapo Pyo akainua kichwa. Sikuona hasira usoni mwake. Alinitazama kama anavyotazama kamba iliyokatika, kuona imekatikia wapi. Nikasimama, nikainama mbele yake kwa kina, nikamwomba radhi. Naye akasimama, akainama vilevile, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake na ndivyo alivyolelewa. Akasema amesikia. Hakusema imekwisha.

Kompresa ikafungwa jioni ile ile. Mimi nikapata barua ya onyo, na siku mbili za darasa la herufi za safu pamoja na waajiriwa wapya wenye umri sawa na wapwa zangu. Mwalimu alichora ghala ubaoni, akaelekeza fimbo kwenye D na kuniuliza mimi kwanza. Mzee Byeon naye hakuniachia. Alinipigia kutoka Jeju akicheka.

"Si nilikwambia F?"

"Uliniambia, kaka. Ndiyo taabu yenyewe."

Jumatano iliyofuata lori la Pyo likaingia zamu yangu. Alipakua mizigo ya kwenye orodha, akanipa karatasi, nikasaini. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Kabla sijayasema akarudi nyuma ya lori, akavuta kitu, akakishusha miguuni pangu. Lilikuwa lile sanduku la mbao. Lilikuwa limefagiliwa, lakini kwenye pembe udongo ulikuwa bado umeganda, na mzizi mmoja mwembamba umeng'ang'ania ubao.

"Jong-hak," nikasema, "pilipili za mama mkwe umezing'oa?"

"Nimezihamishia kwenye ndoo." Akanyoosha karatasi tupu na kalamu. "Nipokelee hili, Msimamizi. Uandike tarehe, na limetoka kwa nani."

"Ni takataka. Lirudishe, nitakupa kibali sasa hivi, chenye muhuri."

"Nipokelee tu."

Madereva watatu nyuma yake walikuwa wamesogea kutazama. Nikaandika. Sanduku moja la mbao, tupu, limeletwa na Pyo Jong-hak, limepokelewa na Gu Mal-sun. Nilitaka kuandika zaidi, lakini kwenye fomu ile hakuna nafasi ya zaidi. Akaisoma yote, neno kwa neno, mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akikunja karatasi zangu bila kuzitazama.

"Linakaa wapi?" akauliza, kalamu bado mkononi.

"D."

"D ipi?"

Aliuliza kwa upole, hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua kweli, na alikuwa na haki.

"Safu ya nne," nikasema.

Dereva mmoja akaguna. Neno hilo halikuwa limetamkwa ghalani mle kwa miaka ishirini na sita, si kwa kinywa changu. Pyo akaliandika chini ya saini yangu, nne, kwa herufi kubwa, akakunja karatasi mara mbili na kuiweka kwenye mfuko wa shati, ule wa ndani, anakoweka pasi.