Kikohozi cha Bibi wa Champrond

Jumamosi hiyo Solange Houdart alikuwa akikata mkate ndani ya karakana ya Champrond, mashariki mwa Paris, kichwa cha treni kilipokohoa. Sufuria ya nyama ya ndama na karoti ilikuwa bado ya moto, kaifunika kwa taulo. Wazee wa chama cha kutunza injini za mvuke walikuwa wameshanawa grisi mikononi na kuketi, kila mmoja na glasi yake ya mvinyo, na mvua ya Novemba ilikuwa ikigonga mabati.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kifuani, cha mtu anayejaribu kujizuia mbele za watu kisha akashindwa. Tanuri lilikuwa baridi tangu kiangazi. Ndani ya boila hamkuwa na maji.

"Unyevunyevu huo," akasema Huguette Varlin, mwenyekiti wa chama, huku akivuta kiti chake karibu na meza. "Mwaka huu umezidi. Hata goti langu linalia."

"Si unyevunyevu," Solange akasema, na akaendelea kukata mkate.

Alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala ubavuni mwake kwa miaka mingi. Alimtazama mumewe Marcellin, aliyekuwa ndiyo kwanza anaondoa leso mdomoni. Marcellin alikuwa amekohoa, na kichwa cha treni kikamfuatia, kama mtu anayeitikia salamu.

"Bibi ana kifua," Marcellin akasema.

"Basi mwacheni apumzike. Kuleni, chakula kinapoa," akasema Huguette.

Bibi ndilo jina walilompa. Alikuwa mmoja wa vile vichwa vya treni vifupi, vizito, vyeusi, vilivyovuta mabehewa ya wafanyakazi kati ya kituo cha Bastille na vitongoji vya mto Marne, asubuhi kwenda na jioni kurudi, hadi mwisho wa mwaka 1969. Karibu wenzake wote walikatwakatwa wakauzwa kama chuma chakavu. Bibi alisalia kwa sababu alisahaulika nyuma ya ghala, miti ikamwotea, na walipomkumbuka, zama zilikuwa zimebadilika na vitu vya namna yake vilikuwa vimeanza kupendwa. Serikali ilimtangaza kuwa urithi wa taifa na kumpigilia kibao cha shaba ubavuni.

Marcellin alimfahamu kabla ya kibao. Aliingia karakana ile akiwa kijana ambaye hajaanza kunyoa ndevu, hakuajiriwa na reli bali na mkandarasi mmoja aitwaye Maillebois. Kazi yake ilikuwa kubandua blanketi la asbesto lililozungushiwa boila ili joto lisipotee, na kuweka jipya. Blanketi la zamani lilipukutika kama unga. Wenzake walikuwa wakirushiana mabonge yake saa ya chakula, na jioni mama yake alimkung'uta koti dirishani. Wenzake wale, kina Tanguy na Le Goffic na Mpolandi mmoja mrefu aliyependa kuimba, walikufa mmoja mmoja, wote kwa kifua. Kampuni ya Maillebois ilivunjwa na hakuna aliyejua makaratasi yake yalikokwenda.

Marcellin alitaka kitu kimoja tu, itamkwe kwamba ni kazi iliyomuumiza. Ilikuwepo tume ya kusikiliza mambo hayo. Kila alipokwenda walimkaribisha kiti, wakamsikiliza kwa upole, kisha wakamwambia alete mtu aliyemwona akiifanya kazi hiyo. Naye kila mara aliwajibu kwamba waliomwona wote wamekwisha kufa. Wakampa pole, wakamwita anayefuata.

Jumanne daktari Kermarrec alipitia karakana baada ya kumaliza wagonjwa wake. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, ambaye ndiye aliyekuwa akimtibu Marcellin. Alivua koti, akapanda ngazi ndogo, akaweka kipimo chake cha kusikilizia kifua kwenye ubavu wa boila.

"Vuta pumzi," akasema.

Bibi akavuta. Mlango wa karakana ukajifunga kwa mvuto ule.

"Toa. Tena. Haya, kohoa kidogo." Masizi yakadondoka kutoka kwenye bomba la moshi yakamwangukia daktari begani. Aliyapangusa. "Anavuta sigara?"

"Makaa ya mawe," Marcellin akasema. "Ila ameshaacha."

"Alichelewa kuacha. Na wewe je, mzee wangu, unalala?"

"Nakaa kitandani usiku. Kulala ni habari nyingine."

Daktari akasikiliza upande wa pili, chini, kwa muda mrefu. Kisha akashuka akamsikiliza Marcellin mahali palepale, akarudi tena kwa Bibi.

"Ni uleule," akamwambia Solange, si Marcellin. "Kushoto chini, kama wake. Hata mluzi wa mwisho wa pumzi ni mmoja."

Solange akamuuliza kama inatibika.

"Kwake huyu mkubwa, ndiyo. Blanketi liko nje ya mwili, linabanduliwa. Kwa huyu mwingine liko ndani."

Wakasimama pale wote watatu, na Bibi. Ni Huguette, aliyekuwa akisugua taa pembeni, aliyesema lile ambalo wengine hawakuwa wamelifikiria.

"Basi shahidi mnaye."

Solange ndiye aliyekwenda kwenye ofisi ya tume, maana ngazi zilikuwa zinamshinda Marcellin. Alikaa kwenye viti vya plastiki hadi zamu yake ilipofika. Karani alikuwa kijana mwenye mafua.

"Shahidi ni nani wa mdai?"

"Walifanya kazi pamoja."

"Yu hai?"

"Anakohoa."

"Anaweza kufika hapa?"

"Reli iling'olewa, mwanangu. Anaishia uani."

Karani akapenga kamasi, akafikiri. "Basi tume itakwenda kwake. Kwa wagonjwa wasiojiweza ndivyo tunavyofanya."

Walikuja mwezi Februari, watu watatu, na kuketi nyuma ya meza ileile ya chakula. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Delahousse, mtu mwembamba mwenye macho ya asiyelala vizuri. Alikataa kahawa mara ya kwanza, akaikubali mara ya pili. Marcellin alikuwa amevaa suti aliyoivaa harusini kwa binti yao, na shingo ilikuwa inacheza ndani ya kola. Walimpa kiti mbele ya Bibi.

"Bwana Houdart, sema wewe mwenyewe, taratibu."

Marcellin akasema. Alieleza kisu cha kubandulia, ndoo, brashi, jinsi walivyofanya kazi wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini, na wa chini ndiye aliyepokea vumbi lote usoni. Katikati ya maneno kikohozi kikamshika. Bibi naye akakohoa. Vikombe vikatikisika mezani.

Mama aliyekaa kushoto kwa mwenyekiti akaomba kikohozi kirudiwe, kama wanaweza.

"Haturudii makusudi, mama," Marcellin akasema. "Kinakuja chenyewe."

Kikaja chenyewe. Kilianza kwa pamoja na kuishia pamoja, na ule mluzi wa mwisho ulitoka sauti moja. Bwana Delahousse alisubiri hadi Marcellin alipofuta midomo.

"Tume imesikia," akasema. "Kwamba wote wawili wanakohoa halina ubishi." Akamgeukia Bibi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akasimama. "Shahidi, unamfahamu mtu huyu?"

Bibi alisogea mbele. Alisogea polepole sana, chuma kikilia juu ya chuma, hadi ncha ya bafa yake, kile chuma cha mbele cha kupokea migongano, ikagusa goti la Marcellin, hapo akasimama. Marcellin akaweka kiganja juu yake, kama afanyavyo mtu kwa ng'ombe anayemjua. Solange, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, alijikuta ameshika aproni kwa mikono miwili. Kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemjibia mumewe swali.

Huguette alikwenda kukagua breki. "Imefungwa," akasema. "Niliifunga mwenyewe."

"Iandikwe kwamba shahidi anamfahamu mdai," Bwana Delahousse akasema.

Wakatoka nje kushauriana. Kupitia dirishani Solange aliwaona wakivuta sigara chini ya ukingo wa paa, kola zimeinuliwa. Yule mama wa kushoto alikuwa akizungumza sana kwa mikono. Delahousse alikuwa akitazama viatu vyake. Waliporudi, Solange alijua jibu kabla halijatamkwa, kwa sababu Delahousse hakukaa.

"Hali ya injini ni mbaya," akasema. "Nayo ni mali ya urithi wa taifa. Sheria iko wazi kabisa katika hilo, serikali inapaswa kuitibu mara moja na kwa gharama yake. Tutawajulisha wahusika leo hii."

"Na mume wangu?" Solange akauliza.

"Tume inasikitika sana, mama. Ushahidi umetolewa vizuri, sijapata kuona ushahidi mzuri kama huu. Lakini shahidi na mdai wana ugonjwa mmoja. Shahidi anayeugua maradhi yaleyale ana maslahi katika shauri. Hatuwezi kumpokea."

"Sasa mnataka shahidi gani? Aliyekuwepo na asidhurike?"

"Huyo angetufaa," Delahousse akasema, bila dhihaka yoyote.

"Hakuna aliyekuwepo asidhurike."

"Ndiyo ugumu wa mashauri haya, mama." Akafunga koti, vifungo vyote, mpaka cha juu. Alipofika mlangoni aligeuka kumtazama Bibi, si wao. "Nawatakia afya njema," akasema.

Bibi hakurudi nyuma. Ilibidi wanaume wanne wamsukume kwa nondo ili Marcellin aweze kunyoosha mguu na kuinuka.

Tume ilisema kweli kuhusu matibabu. Kabla wiki haijaisha wakaja mafundi na malori, wakajenga hema la plastiki nyeupe kumzunguka Bibi, lenye milango miwili na mashine za kuchuja hewa zilizonguruma mchana kutwa. Mafundi walivaa mavazi meupe kutoka utosini hadi vidoleni, na vinyago vyenye mirija. Kila walipotoka walioga ndani ya kijumba maalumu na kubadili nguo. Vipande vya blanketi vilifungwa katika mifuko miwili miwili na kuandikwa onyo kwa herufi nyekundu.

Marcellin alikuja kutazama. Alitaka kujua tu kama bado wanaanzia juu. Alikuwa amekaribia hema kwa hatua chache, fundi mmoja akainua mkono wenye glavu.

"Mzee, nyuma ya utepe tafadhali! Ni hatari hapa."

Marcellin akarudi nyuma ya utepe. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kutoka ndani ya hema Bibi akamwitikia, hafifu, kupitia plastiki. Mafundi walisimamisha kazi hadi kikapita. Solange akamshika mkono mumewe wakakaa kwenye benchi la uani, juani.

"Wanaanzia chini," Marcellin akasema baadaye. "Labda ndiyo bora."

Walipoondoa hema, Bibi alikuwa na blanketi jipya la pamba ya mawe na rangi mpya. Daktari Kermarrec alipanda tena ngazi ndogo, akasikiliza pande zote, akasema kifua ni safi kama cha mtoto mchanga. Jumamosi iliyofuata, wakati wa kula jibini mwishoni mwa chakula, Marcellin alikohoa, na watu wote mezani wakanyamaza kwa mazoea, wakisubiri. Hakukuwa na kitu. Bibi alisimama kimya pale penye giza, na Huguette akamsogezea Marcellin glasi ya maji. Tangu siku hiyo Marcellin alikohoa peke yake.

Septemba Bibi aliwashwa moto. Alivuta mabehewa mawili ya kijani kwenye kile kipande cha reli kilichobaki, kwenda na kurudi, na watoto walipunga mikono madirishani. Meya alitoa hotuba. Marcellin alipewa kiti cha mbele, akakaa na kofia magotini, akifuata kwa kichwa kila mpigo wa pistoni. Alipoombwa kusema neno, alisema Bibi anapumua vizuri, na watu wakapiga makofi.

Jioni walirudi kwa treni ya kawaida. Kwenye kituo chao lifti ilikuwa imekufa, kwa hiyo walipanda ngazi. Walipofika katikati Marcellin akaketi, na Solange akaketi kando yake na kuweka sufuria tupu miguuni. Watu waliotoka kazini waliwapita kushoto na kulia. Kijana mmoja alisema samahani. Mwingine alisema, watu wengine bwana, mahali pote hapa.

"Unamwonea wivu?" Solange akauliza.

"Nani?"

"Unajua nani."

Marcellin alivuta pumzi, kiasi kilichopatikana. "Alinigusa goti, Solange. Wale wa tume walikuwa watatu na midomo yao. Nitamwonea wivu gani?"

Treni nyingine iliingia chini yao, ngazi zikatetemeka, na wimbi jingine la watu likaanza kupanda.

"Tusubiri hawa wapite," Solange akasema.

"Tusubiri."

Wakabana magoti upande mmoja, wawapishe.