Mtani Hapangiwi Saa

Costancia alifanya kosa moja tu wiki ile, lakini lilikuwa kosa la mtu aliyesomea hoteli akasahau alikozaliwa. Alimwendea jirani yao, Mzee Melkizedek, akamwamkia, kisha akamwomba kwa adabu zote asikanyage nyumbani kwao kwa siku mbili, maana kulikuwa na mgeni mkubwa kutoka Ulaya.

Sasa jamani, mzee ni Mnyamwezi na wao ni Wasagara, nao ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Kumwambia mtani asije ni kumpigia ngoma aje mbio. Mzee Melkizedek alimsikiliza huku ameishika kofia yake kifuani, akajibu kwa upole, "Sawa, mke wangu, nimekusikia." Upole ule ungetosha kumtia shaka mtu mwenye akili zake, ila Costancia akili zake zote zilikuwa kwenye mataulo.

Tusimlaumu sana. Alikuwa amekaa miaka kadhaa Mikumi, mapokezi ya loji moja, akiona utalii unavyobadilika mbele ya macho yake. Zamani mgeni alitaka kiyoyozi na meza iliyojaa vyakula vile vile anavyokula kwao. Tangu treni ya umeme ianze kusimama Kilosa, walioshuka walikuwa watu wa namna nyingine. Mtu anapita bwawa la kuogelea bila hata kuligeukia, anauliza ni wapi anaweza kutwanga mpunga. Anataka alale kwenye nyumba ya watu, ale nao, ajue majina yao, ndipo aende mbugani kutazama tembo. Wakubwa wa biashara hiyo wameupa utalii wa namna hii majina marefu kwenye mikutano yao. Costancia aliposikia, aliwaza jambo moja tu: nyumba ya shangazi.

Shangazi Filomena, dada wa marehemu baba yake, alikuwa na nyumba kubwa Kilosa mjini, watoto wametawanyika, vyumba vinalaliwa na magunia ya mahindi. Costancia akaacha kazi, na nafasi yake ikajazwa kabla hajamaliza kufungasha. Akapaka rangi, akajenga choo cha kukaa, akatundika vyandarua vipya. Kisha akaiandikia kampuni moja ya utalii ya Dar es Salaam. Wakamjibu kwamba watamleta mama mmoja wa Denmark, anayewachagulia wasafiri wa kwao nyumba za kufikia. Akiipenda, wageni watakuja msimu mzima. Asipoipenda, basi, na Costancia hakuwa na pa kurudi.

Ndiyo maana alikunja taulo mfano wa bata na kuliweka juu ya kitanda. Shangazi akalitazama huku mkono uko kiunoni.

"Huyu bata analiwa lini?"

"Ni pambo, shangazi. Na tafadhali, mgeni usimuulize habari za kwao. Wenzetu wanapenda faragha."

"Nisipomuuliza ya kwao," akasema Filomena, "nitajuaje kama amefika salama?"

Mgeni akafika na treni ya asubuhi. Aliitwa Inge, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe na viatu vya kutembelea milimani. Aliletwa na Aneth, dada wa kampuni, mzaliwa wa Dar es Salaam, nadhifu, mwenye simu mbili na uso usiosema kitu. Costancia akawapa juisi ya ukwaju na vitambaa vya baridi vya kufutia uso, kama alivyofundishwa. Mchana akawaandalia wali, kuku wa kienyeji na mchicha wa nazi barazani, naye akasimama pembeni, mikono nyuma. Shangazi alikuwa amefichwa jikoni.

Chakula kilikuwa kizuri, na kililiwa kimya kama dawa. Inge alishukuru kila kitu. Aneth aliandika kwenye simu. Costancia alianza kuona mambo hayaendi, na hakujua amekosea wapi, kwa sababu kila kitu alikuwa amekifanya sawa.

"Hodi, nyumba ya wachoyo!"

Mzee Melkizedek alikwisha ingia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakungoja kukaribishwa, akavuta kiti, akaketi mkabala na mgeni, akalichungulia bakuli la kuku.

"Naona Wasagara mmechinja. Tena mkaniambia nisije! Watu gani ninyi, mnaficha kuku kama mmemwiba?"

Kumbe Filomena alikuwa akingoja hilo tu. Alitoka jikoni, mwiko mkononi, uso umeng'aa.

"Mnyamwezi wewe, nani kakuita? Babu yako alipewa mzigo aupeleke pwani, akachokea hapa, akaishia kukata mkonge! Mpaka leo hamjaufikisha!"

"Aliuacha mzigo kwa sababu bibi yako alimpikia. Na leo mmeharibika, hata mapaja ya kuku mnayahesabu."

Inge aliangalia huku na huku, shingo imeanza kuwa nyekundu. Aneth akauliza kwa sauti ya chini kama aite polisi. Utani alioujua yeye ni wa Simba na Yanga tu. Costancia, jasho likimtoka, akaeleza kwa Kiingereza kwamba hawa hawagombani, ni watani, na kwamba anaomba radhi, mzee anaondoka sasa hivi.

"Babu, nakuomba."

"Ngoja kwanza nimsalimie mkwe. Muulize, mume wake amemwacha wapi? Mwanamke mzuri hivi anakula peke yake?"

Costancia hakutaka kutafsiri. Lakini Inge alikuwa amekwisha ona kwamba ameulizwa yeye, naye akasisitiza aambiwe. Aliposikia, aliweka uma chini. Akasema mume wake aliitwa Jens, alikuwa mwoka mikate, na alifariki mwaka uliopita.

Loji ina maneno yake kwa jambo kama hilo. Unasema pole sana kwa sauti nyororo, unamwongezea mgeni maji, unaondoka. Costancia alikuwa tayari ameshika jagi. Mzee Melkizedek yeye alivua kofia.

"Alizikwa na watani?"

"Babu!"

"Tafsiri, mke wangu."

Akatafsiri, akaeleza kwamba huku watani huja msibani kuwatania wafiwa. Inge akasema kwao hakuna watani. Walikuwapo ndugu wachache, wakanywa kahawa, kila mtu akarudi kwake.

"Basi bado hajazikwa," akasema Mzee Melkizedek, si kwa mzaha. "Alikuwa na tabia gani mbaya huyo bwana? Nzuri hazinisaidii."

Inge akajibu taratibu kwamba Jens alikuwa anakoroma, na kwamba hakukubali hata siku moja kwamba anakoroma.

Mzee akainuka. Akalitandaza koti lake la kanisani sakafuni, pale pale barazani, akajilaza chali, mikono juu ya tumbo, akaanza kukoroma. Na alikoroma kwa ustadi! Alianza chini chini, akapanda, akakwama juu kabisa, akamwacha kila mtu anangoja, kisha akashuka na mluzi. Halafu akafumbua jicho moja. "Nani anasema Jens anakoroma? Jens yuko macho! Nani ameunguza mikate yangu? Msinizike, nina tanuri linawaka!" Akarudi kukoroma. Costancia alitafsiri yote.

Inge alijiziba mdomo. Mabega yakaanza kumcheza, kisha akaachia kicheko kikubwa kilichowafanya watoto wa jirani waje kuchungulia uani, na kicheko kile kikageuka kilio papo hapo, machozi yakamwagikia wali. Filomena alikuwa amekwisha mkumbatia, mwiko ungali mkononi. Aneth aliinuka ghafla, akatoka nje bila kuaga, na Costancia akamwona akisimama nyuma ya gari la kampuni lililowachukua stesheni, amewapa mgongo. Akajua mkataba umekwenda na maji.

"Siamki," akasema marehemu kutoka sakafuni. "Mtani haamki bure. Nataka paja."

Inge alipotafsiriwa, alichukua paja kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, akapiga magoti, akamlisha mzee kwa mkono wake. Ndipo mzee akaketi, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Sasa tumemzika. Pole, mama."

Mchana wote ule Inge alimsimulia Filomena habari za Jens, na Filomena, aliyekatazwa kuuliza, aliuliza kila kitu. Ndugu msomaji, mimi nimeona mahoteli yenye nyota nyingi kuliko vyumba, na sijaona mgeni akipokelewa vile.

Asubuhi yake Costancia, Inge na Aneth walikwenda Mikumi kwa gari, barabara ya vumbi, wakilipita basi lililokuwa likishusha watu wa kijiji cha Zombo. Walipoingia Mikumi, walipita lango la loji aliyokuwa akifanya kazi Costancia. Msichana aliyeshika nafasi yake alikuwa amesimama na trei ya vitambaa vya kufutia uso. Costancia akageuza macho.

Mbugani waliona tembo kwa karibu, kundi zima na watoto wake. Baadaye, kwenye kivuli cha kupumzikia, Inge akiwa bado na darubini machoni, Aneth alimwita Costancia pembeni.

"Mmepata. Inge alipiga simu kwao usiku, na ofisini kwetu akawasimulia yote. Anasema ni nyumba yenu, au haleti watu."

Costancia alitaka kupiga kigelegele, akakumbuka tembo.

"Ila ofisini wametoa sharti moja. Yule mzee. Wanamtaka kwenye ratiba. Kila kundi, siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, alale na kukoroma vile vile. Wanasema hicho ndicho kitakachouza, maana vitanda viko kila mahali."

Furaha ikasimama njiani. Costancia alikumbuka alipofiwa na baba yake, bado yuko sekondari. Mama yake alikuwa hajala wala kusema tangu mauti, na Mzee Melkizedek akateremka kaburini na viatu vyake, akalala, akamwita mama kwa sauti ya baba kabisa, akiuliza shati lake la bluu liko wapi. Watu walicheka huku wanalia. Jioni ile mama alikula. Costancia aliwaza mzee yule akijilaza kila siku baada ya wali, mbele ya watu wasiofiwa walioshika simu zao, na moyo ukamkataa.

"Hapana," akasema.

"Fikiri kwanza, mdogo wangu. Umeacha kazi kwa ajili ya hili."

"Nimefikiri, dada Aneth. Kitanda nitakipangia saa, chakula nitakipangia saa. Mtani hapangiwi saa. Atakuja akitaka, na wageni wengine hawatamwona kabisa. Kama sharti ni hilo, samahani, mtafute nyumba nyingine." Alisema hivyo, na hakuona fahari yoyote, aliona hofu tu.

Aneth aliwatazama tembo mpaka wa mwisho akaingia vichakani.

"Jana nilipotoka mezani sikuwa nimekasirika," akasema. "Tulimzika baba mwezi wa pili. Tulikodi mahema, chakula, mpaka msema chochote wa kuongoza ratiba. Kila kitu kilikwenda kwa dakika zake. Watu wakatusifu. Mimi sijacheka wala sijalia mpaka leo." Akavuta pumzi. "Ofisini nitawaambia mzee hayumo kwenye ratiba. Hawana ubavu wa kumkataa Inge. Mkataba ni wenu." Akasita. "Sisi ni Wapare. Mnyamwezi ana utani na Mpare?"

Costancia hakujua. Akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, babu. Nipo na Mpare hapa. Amefiwa na baba, hakuzikwa na watani. Una utani naye?"

"Marahaba. Mpare?" Sauti ya mzee ikapasuka. "Hao wanaoshitakiana mpaka kwa ajili ya ndizi moja? Kama sina, nitauanzisha leo! Mlete upesi, kabla marehemu hajatufungulia kesi kwa kuchelewa!"

Aneth alicheka mpaka akakaa chini vumbini na sketi yake nadhifu, na alipokwisha kukaa akaanza kumlilia baba yake kwa sauti. Costancia akakaa naye pale chini.