Kovu Kwenye Rangi Nyeusi

Hyasinti alizama mbele ya kijiji chao cha Mbaha. Siku ishirini zilipopita bila ziwa kumrudisha, ukoo ukakata shauri kuzika kitambaa chenye sura yake. Kazi ya kuandaa picha ikamwangukia dada yake, Celestina, aliyekuwa na kompyuta katika stesheneri moja pale Mbinga mjini.

Mchapaji wa Songea alikuwa na wino wa rangi mbili tu, kahawia na nyeusi. Ilibidi picha itenganishwe, kila rangi ikae kwenye chaneli yake, tabaka lake ndani ya kompyuta, maana kila moja ingepakwa kwa fremu yake ya kuchapia. Mchana kutwa Celestina aliugawa vipande uso wa kaka yake. Ngozi huku, nywele, macho na jina kule. Kila alipozima chaneli moja, Hyasinti alikufa upya.

Baba mdogo Egidi akaja kukagua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hilo kovu la usoni lifute. Watu wataanza kuuliza."

Nani aulize? Mbaha nzima ilijua. Hyasinti alikuwa na miaka kumi na miwili alipopoteza wavu, na Egidi akampiga kasia la paji la uso.

"Ndiyo alama yake, baba."

"Marehemu hupambwa, binti. Au chuoni walikufundisha kuwaaibisha wazee?"

Celestina akatoa karatasi za ukaguzi. Kila rangi hutoka peke yake, tena hutoka nyeusi, hata kama itapakwa kahawia. Egidi akashika ile ya ngozi: paji laini kama la mtoto mchanga. Akatia sahihi.

"Na hii nyingine?"

"Nywele, macho, maandishi."

"Maandishi ulishanitumia kwenye simu." Akasaini bila kuitazama.

Kovu lilikuwa humo, mstari mwembamba chini ya nywele.

Siku ya maziko kitambaa kilikunjuliwa kando ya kaburi lililochimbwa urefu wa mtu mzima. Rangi mbili zilikuwa zimekutana, na Hyasinti akawa Hyasinti. Mama yao, Tadea, ambaye macho yake hayakuona vizuri tena, akaupapasa wino mzito mpaka kidole kikasimama pajini.

"Ni yeye," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Katekista aliyeongoza ibada akageukia ziwani.

Celestina alikuwa amedhani kovu lile lingempunguzia uzito. Halikumpunguzia kitu. Shimo lilikuwa kubwa, kitambaa chepesi, na udongo ulipokiangukia haukutoa hata kishindo.

Egidi akamvuta pembeni.

"Umenidanganya, Celestina. Umenivua nguo mbele ya ukoo mzima. Rudi pale sasa hivi, upige magoti, uniombe radhi."

"Siombi."

"Unasemaje?"

"Siombi leo, baba mdogo. Na kesho siombi."