Miguu ya Kiwanda

Jumanne, saa nne asubuhi, dada mkubwa alikuwa akipanga vitunguu mafungu mafungu mbele ya kiwanda cha sabuni, kiwanda kikainuka. Kilijinyanyua polepole, kama kuku anayetoka kwenye mayai, kikajikung'uta vumbi, kikashika njia ya daraja la mpakani. Nchi ya ng'ambo ilikuwa imetangaza asubuhi hiyo kwamba kwao wenye mitaji watalipa nusu ya kodi.

Fundi mitambo akachungulia dirishani. "Dada, fungu langu niwekee. Sijui tutarudi lini."

"Nikuwekee mpaka lichipue?"

Kiwanda kikaenda kuketi ng'ambo, mbele ya meza ya mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, naye muuza vitunguu. Jioni mdogo mtu akampungia mkono wenye bangili mpya. Dada mkubwa hakula. Bangili ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake alikuwa kwa bwana kodi wa serikali.

"Mwenye kiwanda mtozeni robo tu, kirudi."

"Na pengo tulizibe na nini, mama?"

"Itozeni meza yangu."

Bwana kodi akaandika. "Isije nayo ikahama. Ina miguu minne."

"Minne, mwanangu, na haijawahi kwenda popote."

Akatia dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi.

Alhamisi kiwanda kikarudi. Dada mkubwa akanunua bangili mbili, akazipunga zote. Ijumaa mdogo wake akaenda kwa bwana kodi wa kwao, naye akatia dole gumba. Wakaendelea hivyo, leo huyu kesho yule, hata mwenye kiwanda akawa halipi kodi huku wala kule, na bangili zote zimeuzwa kulipia meza.

Kwa kuwa hapakuwa tena na tofauti, kiwanda kikasimama katikati ya daraja, mguu huku, mguu kule. Fundi mitambo huteremsha kwa kamba kikapu cha kununulia vitunguu, siku hii upande huu, siku ya pili upande ule.

Dada hao hawasemezani. Kila asubuhi kila mmoja hufumba jicho moja, akapima kiwanda kimeinamia wapi, na kila mmoja huapa kimeinamia kwa mwenzake. Dada mkubwa amewaza kwamba sasa serikali imlipe mwenye kiwanda, ili kiinamie kwao. Mdogo wake amewaza hivyo hivyo.

Jumatatu ofisi zinafunguliwa. Wote wawili wameshaosha dole gumba.